Mjadala: Free Fire ijengwe upya, au iendelee kutiwa viraka?

Mnyalu_Kihesa: Wakuu, kamwene. Hoja yangu fupi. Free Fire, gemu la simu la kupigana risasi la kampuni ya Garena, ilitoka 2017. Tangu hapo kila apdeti inaleta wahusika wapya, wanyama, mavazi, na ngoma za kumchezea mtu uliyemuua, lakini ugonjwa uko palepale. Unammwagia mtu risasi, damu haipungui. Haka (mtu anayecheza kwa programu za udanganyifu) anakutoa kichwa ukiwa nyuma ya ukuta. Ukitua Factory kwenye ramani watu wanaganda hewani. Mimi nasema Garena wasimamishe matukio yote, wakae chini waliandike gemu upya kuanzia msingi: injini mpya, seva mpya, ulinzi mpya. Hata ikichukua mwaka mzima nitasubiri. Wanaotaka litunzwe hivihivi waje na hoja. Ila tuambiane ukweli, wanaolirudisha nyuma hili gemu ni nyie wenye simu za RAM ya GB 2, maana kila kitu lazima kipunguzwe mpaka kiwatoshe.

Chalii_wa_Uyole: Hebu rudia hapo mwisho.

Ndaga_Fijo: Kumekucha. Ngoja nikachukue chips.

Chalii_wa_Uyole: Nyamaza, acha nimjibu. Kaka, hilo gemu limepata jina kwa sababu ya hizo simu unazozidharau. PUBG, gemu jingine la aina hiyo, ilipoingia kwenye simu 2018, nani hapa mtaani aliweza kuifungua? Ilikuwa inachemsha simu hadi unaiweka dirishani ipigwe na baridi ya Uyole. Free Fire ilikuwa na watu 50 badala ya 100, mechi dakika kama kumi, unamaliza na bando bado lipo. Ndiyo maana imetapakaa Brazili, Indonesia, na huku kwetu. Leo umepata simu ya mkopo umesahau ulikotoka.

Mnyalu_Kihesa: Nani kakwambia ni ya mkopo?

Chalii_wa_Uyole: Zile zinazojifunga usipolipa tunazijua.

Mnyalu_Kihesa: Nimelipa taslimu, Miyomboni, na risiti ninayo. Turudi kwenye mada.

Binti_Gangilonga: Mada umeiharibu mwenyewe kwa ile sentensi ya mwisho. Halafu unachokitaka kilishafanyika. Free Fire MAX ilitoka 2021. Picha kali, ramani zimepigwa msasa, akaunti ileile, na mwenye MAX anaingia mechi moja na mwenye ya kawaida. Mwenye simu nzuri anapata uzuri wake, mwenye simu ndogo hafukuzwi. Sasa mnabishania nini?

Mnyalu_Kihesa: MAX ni rangi tu, dada yangu. Haka aliyenitoa jana kwenye ya kawaida ndiye huyohuyo ananitoa kwenye MAX, sema sasa namwona vizuri zaidi.

Dogo_Mafiat: Samahanini wakubwa, swali dogo. Gemu likijengwa upya, daimondi (pesa ya ndani ya gemu) na mavazi niliyonunua vinahamia kwenye jipya au ndiyo basi?

Tukuyu_Parachichi: Mimi nataka nirudi kwa mtoa mada. Nina simu ya GB 8, nimeinunua kwa parachichi za shambani kwetu, siyo kwa mshahara wa mjini. Lakini mdogo wangu anacheza kwenye simu yangu ya zamani, na ananifunga. Kwa hiyo hili la kusema simu ndogo inarudisha nyuma ni dharau. Simu haichezi, anayecheza ni mtu.

Kabwe_Mlengaji: Umeleta parachichi ili iweje? Umejisifia au umechangia?

Tukuyu_Parachichi: Vyote.

Jiwe_la_Loleza: Haya mambo nimeyasomea pale Iyunga na ndiyo yanayoniweka mjini, kwa hiyo mniruhusu niwe mrefu. Mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa programu iliyoandikwa na wengine anadhani kuandika upya ni kuondoa takataka. Sehemu kubwa ya zile takataka ni majibu ya matatizo ya kweli, na aliyeyatatua alishaacha kazi. Unakuta mstari wa ajabu haueleweki, kumbe uliwekwa kwa sababu aina moja ya simu ilikuwa inazima kila mtu akifungua parachuti. Ukiufuta, simu zinaanza kuzima tena. Netscape, kampuni ya zamani ya kivinjari cha intaneti, waliyapitia haya. Waliacha kivinjari chao wakakiandika upya, toleo la 5 halikutoka kabisa, la 6 likaja mwaka 2000, na wakati huo Microsoft walikuwa wameshabeba soko.

Lakini wanaotaka litunzwe nao wasishangilie. Kutunza siyo kukaa. Tangu Agosti 2019 Google walilazimisha programu mpya na apdeti za Play Store ziwe na toleo la biti 64, linaloendana na simu za kisasa, na wengi wenye magemu ya zamani ilibidi waingie gharama, wapende wasipende. Na haka haondoki kwa viraka. Magemu ya risasi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtandao dhaifu mara nyingi huiachia simu yako iamue kama risasi imempata mtu, halafu inaitaarifu seva. Ni haraka, hata mtu wa Makete mwenye mtandao wa kusuasua anafurahia. Tatizo ni kwamba simu iko mkononi mwako. Ukiifundisha uongo, seva inaupokea. Kuuhamishia uamuzi huo kwenye seva siyo kazi ya jioni moja, na mwenye pingi ya 200, yaani mtandao unaochelewa, ataanza kulia kwamba anauawa akiwa ameshajificha. Kwa hiyo kabla ya "ijengwe" au "itunzwe", semeni kwanza nani mko tayari aumie. Hii siyo PES (gemu la mpira) ya vibandani, ambayo ikizingua unazima na kuwasha.

Mzee_wa_Pedi: Hapo kwenye vibanda ulikuwa unamaanisha nini, kijana?

Jiwe_la_Loleza: Shikamoo mzee. Ulikuwa mfano tu.

Mzee_wa_Pedi: Marahaba. Huo mfano una watu ndani yake. Mimi nina kibanda Mwanjelwa, na PES 2013 ndiyo inayolipa pango mpaka leo. Konami walioitengeneza walishaachana nayo, hawaigusi. Lakini kila msimu vijana wananiletea kwenye flashi vikosi vipya, jezi mpya, mpaka Simba na Yanga wamo. Mteja analipa, anacheza, anatukanana na mwenzake, anaondoka na furaha yake. Nani anaitunza? Sisi wenyewe tunaitunza.

Sasa hao wajenzi wa upya walitufanyia nini? Tarehe 30 Septemba 2021 wakalizika jina la PES wakaleta eFootball, injini nyingine kabisa. Uso wa Ronaldo ukachekwa dunia nzima. Timu za kuhesabu kwa vidole. Mpaka wakaomba radhi, na hilo toleo lao la 1.0 likaja Aprili 2022. Katikati hapo kibanda changu kilikuwa kimejaa mpaka watu wanasubiri nje. Kwa hiyo "vibandani" usikutamke kwa sauti hiyo.

Ndaga_Fijo: Mzee kaweka tarehe na mwezi. Msomi ajibu.

Jiwe_la_Loleza: Mzee, mfano wako ni mzuri lakini PES 2013 kibandani kwako inachezwa na watu wawili kwenye kochi moja. Haina seva, haina haka, haina mtu wa Jakarta. Ungeweza kuitunza miaka hamsini. Gemu la mtandaoni mwenyewe hulishiki. Wakizima seva, flashi yako haina kazi.

Kabwe_Mlengaji: Na hata huko kutunza kwa mzee tukuangalie vizuri. Pedi ya kushoto kitufe cha X hakifanyi kazi tangu mwaka juzi. Unapiga pasi, mchezaji anatazama tu.

Mzee_wa_Pedi: Wewe ndiye uliyeibamiza chini siku uliyofungwa nne. Nilikusamehe mbele ya watu wazima.

Kabwe_Mlengaji: Ilikuwa mbovu kabla ya hapo!

Mzee_wa_Pedi: Ulifungaje goli la kwanza kama X ilikuwa haifanyi kazi?

Chalii_wa_Uyole: Nilikuwepo. Alifunga kwa penalti.

Kabwe_Mlengaji: Penalti inapigwa kwa kitufe kingine, muwe mnajua kitu kabla ya kushuhudia.

Binti_Gangilonga: Tulianza na Free Fire, sasa tunaendesha kesi ya pedi. Hakimu nani?

Dogo_Mafiat: Jamani lile swali langu la daimondi.

Tukuyu_Parachichi: Nimkumbushe mtoa mada hoja yake maana ameiacha mwenyewe. Kuna lile gemu la Wajapani, Final Fantasy ya mtandaoni. Lilikuwa bovu, 2013 wakalifunga, wakauangusha mwezi juu ya ile dunia yao mbele ya wachezaji, wakarudi na jipya, na mpaka leo linapeta. Kwa hiyo kujenga upya kunawezekana.

Jiwe_la_Loleza: Walizima Novemba 2012, wakarudi Agosti 2013. La kwanza lilitoka 2010. Na kitu ambacho watu hawakisemi: wakati Naoki Yoshida na timu yake wanajenga jipya, bado walikuwa wanalirekebisha lile bovu kwa ajili ya waliobaki. Walifanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Halafu ni gemu la kulipia kila mwezi, lina watu walioamua kungoja. Free Fire ukiizima miezi tisa, watu wanahamia gemu jingine wiki ya kwanza.

Mnyalu_Kihesa: Si mmeona! Inawezekana. Asante Tukuyu. Haya mengine ya miezi tisa ni hofu zenu.

Chalii_wa_Uyole: Inawezekana kwa wenye kompyuta zao mezani. Wewe ulishaamua kwamba sisi hatuna haki ya kucheza.

Mnyalu_Kihesa: Sijasema hivyo. Nimesema mnapunguza kasi.

Chalii_wa_Uyole: Ni kulekule, umebadilisha shati tu.

Binti_Gangilonga: Kwa anayependa ahadi za "tunajenga upya, subirini", akaangalie Overwatch, gemu jingine la risasi. Ya 2016 ilizimwa Oktoba 2022 ikaletwa ya 2. Kivutio kikubwa kilikuwa hadithi ya kucheza na wenzako dhidi ya kompyuta. Mei 2023 wakatangaza kwamba sehemu kubwa ya ile ahadi wameifuta. Ya zamani ndiyo hivyo tena, huwezi kuirudia. Kwangu mimi hilo ndilo la kuogopa, kuliko hata picha mbaya: wakikunyang'anya la zamani kabla hujaridhika na jipya. Wenye gemu la RuneScape wao waliuliza kwanza. 2013 wachezaji walipiga kura, wakarudishiwa gemu kama lilivyokuwa 2007, na la kisasa likabaki pembeni kwa anayelitaka.

Mnyalu_Kihesa: Kwa hiyo tupige kura na watu wa Mbeya? Watajaza kura na bado wataongea sana. Mbeya kwa maneno hamjambo. Tukikutana Clash Squad, ile mechi ya wanne kwa wanne, mnajenga ukuta wa gloo wa kujikinga mnakaa nyuma yake mpaka mechi inaisha.

Chalii_wa_Uyole: Rudia.

Ndaga_Fijo: Chips zimekwisha, naongeza na mishikaki.

Kabwe_Mlengaji: Iringa tusiseme. Mtandao wenu ukifika Kitonga unapumzika kama lori la mahindi, halafu tukiwatoa mnasema lagi. Jumamosi saa mbili usiku, wanne kwa wanne. Lete watu.

Mnyalu_Kihesa: Saa mbili umeme wenu utakuwepo?

Kabwe_Mlengaji: Tuna chaji.

Mnyalu_Kihesa: Haya. Mimi, Binti Gangilonga, na vijana wawili wa Mafinga.

Binti_Gangilonga: Nani kakwambia nipo upande wako? Mimi natoka Iringa lakini hoja zako sizibebi.

Chalii_wa_Uyole: Dada njoo Mbeya, tunakupa unahodha.

Jiwe_la_Loleza: Na mnacheza kwenye ipi, ya kawaida au MAX?

Mnyalu_Kihesa: MAX, tuone picha vizuri.

Chalii_wa_Uyole: Ya kawaida. Wawili wetu MAX inawagoma.

Mnyalu_Kihesa: Ndicho nilichokuwa nasema tangu asubuhi!

Binti_Gangilonga: Na nilishakujibu asubuhi hiyohiyo kwamba zinaingia mechi moja. Kila mtu afungue anayoiweza. Ungesoma majibu usingechoka hivi.

Dogo_Mafiat: DAIMONDI ZANGU.

Jiwe_la_Loleza: Dogo, pole. Inategemea mwenye gemu. Counter-Strike 2, gemu la risasi la kompyuta, ilipoichukua nafasi ya CS:GO tarehe 27 Septemba 2023, mapambo yote ya bunduki yalihama nayo, maana yana pesa ndefu na wangechomewa ofisi. Walioachwa ni wenye kompyuta za Mac na zile za biti 32, hao waliambiwa hawahudumiwi tena. Ukiangalia utaona kampuni inakumbuka kwanza ulichonunua, simu yako baadaye. Kwa hiyo daimondi huenda zikahama, wewe ukabaki.

Dogo_Mafiat: Nina GB 3.

Jiwe_la_Loleza: Ndiyo maana nimekupa pole.

Mzee_wa_Pedi: Hiyo mechi ya Jumamosi njooni mchezee kibandani kwangu wote wa Mbeya, kuna intaneti na jenereta. Kiingilio ni soda. Kabwe atakaa mbali na pedi.

Kabwe_Mlengaji: Mzee tunacheza kwa simu, pedi inahusikaje?

Mzee_wa_Pedi: Nakukumbusha tu.

Mafinga_Mbao: Habari zenu wote. Nauza akaunti ya Free Fire, ya tangu 2019, mhusika Alok yupo, mavazi kibao, bei maelewano.

Ndaga_Fijo: Unauza leo kwa sababu umesikia watabomoa?

Mafinga_Mbao: Hapana, naoa mwezi wa nane. Mchumba kasema achague mmoja.

Binti_Gangilonga: Achague nani, yeye au wewe?

Mafinga_Mbao: Mimi. Elfu sabini.

Dogo_Mafiat: Arobaini.

Mafinga_Mbao: Dogo, Alok peke yake anazidi hiyo. Sitini na tano, na nakuachia jina.

Dogo_Mafiat: Jina lenyewe linaitwaje?

Mafinga_Mbao: BwanaHarusi_TZ.

Dogo_Mafiat: Arobaini na tano, na jina nabadilisha.