Vitamini D na usingizi: kidonge cha kila siku, mafuta ya samaki, au kapsuli kubwa ya wiki?

Binti_Makunduchi (Leeds)
Salaam wapendwa. Natunza wazee, zamu za usiku, mwaka wa tatu sasa. Nikirudi nafunga mapazia, nalala saa tatu asubuhi. Ikifika saa sita mchana macho makavu, na mapaja yananiuma kama nimeshinda shambani. Nimepima damu: vitamini D nanomoli 31 kwa lita. Daktari kasema iko chini, ninunue mwenyewe dukani. Mezani nina vitu vitatu: vidonge vya D3, yaani vitamini D yenyewe, vya yuniti 1,000, kimoja kila siku, chupa ya mafuta ya ini la chewa, na kapsuli za yuniti 50,000, moja kwa wiki, alizoniletea shangazi kutoka Muscat. Kipi kitanirudishia usingizi?

Nesi_Temeke
Pole na kazi, mdogo wangu. Chukua cha kila siku. Vitamini D hukaa mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo umeze asubuhi au jioni ni sawa, ila iwe pamoja na chakula chenye mafuta, si na chai kavu.

Hiyo 50,000 ni dozi ya tiba. Huandikwa na daktari anayejua kipimo chako. Usidhani kubwa ndiyo bora. Australia waliwapa kina mama wazee yuniti 500,000 kwa mpigo, mara moja kwa mwaka, wakitaka kuwakinga wasivunjike mifupa. Majibu yalipotoka mwaka 2010, waliopewa ndio walioanguka na kuvunjika zaidi.

Na usingizi, nakwambia ukweli: hii si dawa ya usingizi. Wenye upungufu wengi hulala vibaya, lakini watu walipopewa vidonge na kufuatiliwa, majibu yalipingana. Kazi yake kubwa ni mifupa na misuli. Hayo mapaja ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Mkaazi_wa_Ruwi
Nathibitisha hilo la mapaja. Huku Oman jua linaunguza na bado tunapungukiwa, maana joto linatufungia ndani, na jua la kupitia kioo halitengenezi vitamini D. Mimi nilikutwa na 19. Daktari aliniandikia hizo hizo 50,000 kwa wiki nane, kisha 1,000 kila siku. Usiku nilikuwa nageuka kutafuta upande ambao kiuno hakiumi. Kiuno kilipopoa, nikalala. Ila mie nilikuwa na 19, na daktari alikuwa ananifuatilia.

Baba_Zuhura
Dada, usichanganye. Mimi nilimeza kapsuli kubwa, juu yake vidonge vya kila siku, juu yake tena multivitamini, miezi mitano. Kiu haiishi, tumbo limefunga, chooni mara tano usiku. Nilitafuta usingizi nikaupoteza kabisa. Kupimwa, kalsiamu imepanda kwenye damu. Nilipoacha vyote ilichukua wiki nyingi kushuka. Soma kila kopo, jumlisha yuniti. Mtu mzima asipite 4,000 kwa siku bila daktari.

Binti_Makunduchi (Leeds)
Nashukuru sana, kaka, na pole kwa yaliyokupata. Na yale mafuta? Naona ni chakula tu. Niongeze kwamba mimi na mume wangu tunatafuta mtoto.

Nesi_Temeke
Basi mafuta ya ini weka kando kabisa. Yana vitamini A nyingi, na ikizidi humdhuru mtoto tumboni. D3 yenyewe haina shida hiyo. Ukishika mimba mwambie mkunga unameza kiasi gani.

Loliondo_Juu
Mwaka 2012 ilichapishwa hesabu ya vitamini D kwenye damu ya Wamasai na Wahadzabe wa huku kwetu: wastani nanomoli 115. Wanashinda nje mwaka mzima. Uingereza, kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi, jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini hiyo, na ngozi zetu zinahitaji muda mrefu zaidi. Wewe unalala mchana juu ya hayo. Usijilaumu kwa hiyo 31.

Nesi_Temeke
Jambo moja la usingizi wenyewe: ukitoka zamu vaa miwani ya jua hadi nyumbani, na chumba kiwe giza kama usiku. Mwanga wa asubuhi ndio unaouambia mwili uamke.

Binti_Makunduchi (Leeds)
Leo nimemeza cha 1,000 na mayai mawili. Kapsuli za shangazi nimezifunga, nitampelekea mfamasia azitupe. Nitapima tena baada ya miezi mitatu, nije niwaandikie namba hapa.