Kutoka nyanda za juu hadi Unguja: tupeane uzoefu

Mkazi wa Uyole: Ndugu zangu, leo nimemsindikiza binti ya dada yangu stendi kabla ya jua kuchomoza. Anakwenda Unguja kwa mara ya kwanza, na nilipoona begi lake limejaa masweta nikazikumbuka safari zetu. Waliokwisha kupita njia hiyo watueleze: mtu apite wapi, alale wapi, ajihadhari na nini?

Binti wa Mafinga: Kamwene. Asitegemee kuunganisha basi na boti siku moja. Basi la alfajiri kutoka Mbeya huingia Mbezi usiku, wakati boti za mwendo kasi zimekwisha kuondoka tangu alasiri. Alale Dar es Salaam, tena karibu na Posta au Kariakoo, ili asubuhi foleni isimnyime boti.

Dereva Mstaafu: Kulala Dar kuna gharama yake, dada. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023. Aondoke Mbeya alasiri, asubuhi ashuke aende bandarini moja kwa moja.

Mama wa Ilula: Mwanangu dereva, usiku huo mimi ninaujua. Mdogo wangu alikuwa akioa Unguja, nikamchukua mama yetu, ambaye hakuwahi kuiona bahari. Tulipofika Kitonga, lori lilikuwa limelala kwenye kona, limeziba njia yote, na magari yamepanga foleni juu na chini yetu. Tulikaa mlimani hadi mapambazuko. Abiria mmoja alimpa mama blanketi la mtoto wake, naye akalifunika magoti huku akiuliza kila mara kama bwana harusi atamsubiri. Tulipoipata boti, upepo wa kusi ulikuwa umechafua bahari. Wahudumu wakagawa mifuko ya kutapikia, watu wazima wakawa wanalia, na mama akanishika mkono kwa nguvu, macho ameyafumba, anasali kwa Kihehe. Tulifika ndoa imekwisha kufungwa, wageni wanakula pilau. Bwana harusi aliacha sinia yake, akaja kumvua mama viatu, kwa maana miguu ilikuwa imevimba. Tangu siku hiyo ninasema mzee asisafirishwe usiku.

Ndondo: Pole sana, mama. Kitonga nimekwama pia.

Mkyela: Yote hayo ya nini, wakati Matema ipo? Mchanga upo, milima ya Livingstone ipo, maji hayana chumvi, na jioni mtu amekwisha rudi Tukuyu.

Binti wa Mafinga: Kaka, Matema ni pazuri, lakini Ziwa Nyasa halina Forodhani wala Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Aliyeuliza ametaja Unguja.

Mkyela: Nimetoa maoni yangu kuhusu pwani, dada. Nayo ni pwani.

Mama wa Ilula: Msigombane. Mwanangu wa Kyela, ungeoa Unguja mama yako angekwenda.

Mzee wa Iyunga: Mwenye nafasi apande TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kati ya Makambako na Mlimba kuna mahandaki na madaraja ambayo mwenye basi hatayaona maisha yake yote, kisha treni hukatiza Hifadhi ya Nyerere. Aulize ratiba kituoni kabla ya kufunga mizigo, na asiipande akiwa na haraka.

Mpitaji wa Msamvu: Ipo njia nyingine. Ashuke Morogoro, achukue bajaji hadi kituo cha treni ya umeme, ambayo imeanza kubeba abiria tangu mwaka 2024. Ataikwepa foleni yote ya Kibaha na Mbezi, na atashuka katikati ya jiji, si mbali na bandari.

Ndondo: Na kichefuchefu je? Mimi huambiwa nisile kitu.

Mama wa Ilula: Ale, lakini kidogo, mkate mkavu na tangawizi. Tumbo tupu linasumbua zaidi.

Dereva Mstaafu: Asile. Akae sehemu ya chini upande wa nyuma, ambako boti hurushwa kidogo kuliko mbele.

Mkazi wa Uyole: Nimempigia simu, yuko Mikumi. Nimemwambia ashuke Morogoro, na kitambulisho akiweke karibu, kwa maana bandarini kitaulizwa. Masweta amekataa kuyaacha.