Mzee kaambiwa azibwe kifuko kwenye moyo, waliowahi kupitia hili naomba mawazo

Kitinda_Mimba
Habarini wakuu. Mzee wangu ana miaka 76, presha anayo, sukari anayo, na mwaka juzi wakagundua moyo wake unapiga hovyo hovyo bila mpangilio, ile wanaita AF. Tangu hapo yuko kwenye wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sasa ndani ya miezi minne katoka damu tumboni mara mbili, choo cheusi kama lami, mara ya pili ikabidi aongezewe damu. Juzi daktari wa moyo anasema kuna kifuko ubavuni mwa chumba cha juu cha kushoto cha moyo, damu inagandia humo, kwahiyo wapitishe mpira kwenye mshipa wa kinenani wakakizibe halafu baadae wafarini iachwe. Nimetoka pale kichwa kinazunguka. Hicho kifuko si kina kazi yake? Na akizibwa ndo kapona, dawa basi? Mama hataki hata kusikia habari za kuchezea moyo wa mumewe.

Mpima_Eko
Pole mkuu, mpe pole na mama. Mimi nipo chumba cha eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, hivyo vifuko ndo kazi yangu. Kila mtu anavyo viwili. Cha kulia mdomo mpana, kimekaa kama pembetatu, damu inaingia na kutoka bila shida. Cha kushoto ndo korofi, mdomo mwembamba, ndani mikunjo mikunjo, na umbo halifanani mtu na mtu, wengine kama bawa la kuku lililokunjwa, wengine kama dungusi, wengine kama koliflawa (kuna utafiti wa 2012 ulikuta wenye bawa la kuku wanapata viharusi kidogo kuliko wenzao, ila usiende kumpangia mzee matibabu kwa hilo).

Moyo ukipiga sawasawa kifuko kinajikamua kila pigo. Kwenye AF hakijikamui, kinatetemeka tu, damu inatuama. Kwenye skrini unaona kitu kama moshi wa sigara unajizungusha taratibu kwenye chumba kisicho na upepo, ukiuona huo unaanza kutafuta donge. Kwa wenye AF isiyo ya ugonjwa wa vali (milango ya moyo), madonge kama 9 kati ya 10 ya upande wa kushoto hukutwa humo, na likichomoka likapanda kichwani ndo kiharusi hicho.

Kazi kinayo, kinasaidia kupokea damu na kutoa homoni inayoziambia figo zitoe maji na chumvi, lakini sehemu nyingine za moyo nazo zinaitoa, ndo maana watu wanaishi bila hicho kifuko.

Kuhusu mzee, hesabu ya hatari ya kiharusi ni hivi: umri 75 kwenda juu pointi 2, presha 1, sukari 1, jumla 4. Huyo kumwacha hivi hivi bila kinga yoyote haiwezekani, ni dawa au kizibo.

MamaPacha
Kaka mimi mama yangu kazibwa, miaka miwili sasa. Walimlaza usingizi, wakamshusha kipimo cha eko kooni kwanza kuhakikisha hakuna donge, maana likiwepo hawaingizi kitu. Kizibo chenyewe kimekaa kama kimwavuli, kinaingia kimefumbwa kikifika kinafunguka, baada ya muda nyama ya moyo inaota juu yake. Yeye kesho yake alikuwa anadai uji, kilichomsumbua ni kinena kuvilia damu wiki nzima, paja likawa na rangi kama zambarau iliyoiva. Ila wasikufiche, wapo wanaopata damu kuzunguka moyo ikabidi ivutwe haraka, na mara chache kizibo kinahama, au donge linaota juu ya kizibo chenyewe.

Na dawa haziishi siku hiyo jamani!! Mama aliendelea na ya kuzuia damu kuganda siku 45, wakarudia eko, akahamia aspirini na klopidogreli mpaka miezi sita, sasa yuko na aspirini tu. AF yenyewe iko palepale, dawa ya kupunguza kasi ya moyo anameza kila asubuhi. Kizibo kinazuia kiharusi, mapigo hakiyagusi.

Bishoo_Mbishi
Mimi naona mnakimbilia kizibo mapema. Marekani waliruhusu Watchman, kizibo cha aina hiyo, 2015 kwa watu wenye sababu ya maana ya kukwepa dawa za muda mrefu, sio kila mwenye AF. Mzee kashajaribiwa apiksabani, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda? Inatoa damu kidogo kuliko wafarini na haina habari ya kupima INR (kasi ya damu kuganda) kila mara. Halafu hiyo damu imetoka wapi, wameingiza kamera tumboni wakaona kidonda au wanailaumu wafarini tu?

Mpima_Eko
Mbishi leo umeongea. Tahadhari moja tu, kama vali ya mitrali ya mzee (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) imebana kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, hapo wafarini ndo inabaki na kizibo sio chake, kwa sababu madonge yanakaa hata nje ya kifuko. Na kama angekuwa anafunguliwa kifua kwa jambo jingine, wangekifunga hukohuko. Utafiti mkubwa wa 2021 ulionyesha kiharusi kinapungua kwa kama theluthi, ila wengi wao waliendelea na dawa pia.

Kitinda Mimba, mzee anameza nini kingine? Maumivu ya magoti, mgongo?

Jirani_Mwema
Samahani nachomekea, mtoto wa dada kaambiwa vifuko vyake vyote viwili viko upande mmoja, navyo vinazibwa?

Mpima_Eko
Hapana ndugu yangu, huo ni mpangilio wa kuzaliwa nao, wenyewe hauzibwi. Ila mara nyingi unaenda na kasoro nyingine za moyo, kwahiyo akamilishe vipimo kwa daktari wa moyo wa watoto. Kinachotolewa kwa upasuaji ni kile kifuko kilichovimba kama puto, nacho ni nadra.

Kitinda_Mimba
Wakuu nimerudi. Nimemuuliza magoti akasema "yako poa". Mama akaenda kimyakimya kupekua koti lake, mfuko wa ndani karatasi mbili za diklofenaki, dawa ya maumivu, moja imebaki vidonge vitatu. Anakunywa kila akitaka kutoka matembezini, hakumwambia daktari kwa sababu "hakuniuliza magoti, aliniuliza moyo".

Bishoo_Mbishi
Aisee. Diklofenaki juu ya wafarini, tumbo lisitoke damu?

Mpima_Eko
Asimeze tena, na mpigie daktari leo usisubiri kliniki. Kizibo huenda bado kikahitajika, hilo waamue wao wakishaangalia tumbo, ila hizo karatasi nenda nazo mkononi.

Kitinda_Mimba
Ziko kwenye bahasha pamoja na eko yake. Mzee kanuna, kasema nimekuwa polisi.