Leseni ya kiwanda cha lami Miritini: pingamizi letu limejibiwa kwa mistari miwili. Rufaa bado inawezekana?

Mkaazi_Miritini

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri, na tafadhalini wanaojua sheria watangulie kabla ya wanaojua siasa.

Mtaani kwetu Miritini, Mombasa, kumejengwa kiwanda cha kuchanganya lami. Kazi haijaanza, lakini matangi yashasimamishwa na dohani yake yaonekana toka barabara kuu. Kati ya ukuta wa kiwanda na chekechea ya watoto wetu pana njia ya bodaboda tu. Tarehe 9 Aprili kamati ya mtaa iliandika pingamizi kwa ofisi iliyotoa leseni. Ofisi siitaji, na kampuni siitaji pia.

Jibu likaja tarehe 28 Aprili. Mistari miwili: pingamizi limezingatiwa na halina uzito, leseni ilitolewa tarehe 3 Machi kwa kufuata taratibu zote. Sababu hakuna. Aliyeamua hajulikani, maana sahihi yenyewe ni ya mtu aliyetia "kwa niaba ya".

Tukaomba kuiona ripoti ya tathmini ya mazingira. Tukaisomea pale pale kaunta, tukapiga picha kurasa chache. Ati kulifanywa mikutano mitatu na wananchi, na mmoja wao ulikuwa Ijumaa saa saba mchana. Ijumaa saa saba, Miritini! Nani alikuwa nje ya msikiti? Orodha ya waliohudhuria, ile safu ya makazi imejazwa kwa mwandiko mmoja toka juu hadi chini.

Leo ni tarehe 6 Mei. Nimeambiwa rufaa ni siku 60, na ukihesabu toka 3 Machi zilikwisha 2 Mei. Mlango umefungwa? Wazee wanataka twende kwa mheshimiwa, vijana wanataka kufunga barabara. Mimi nataka ofisi ieleze iliamua vipi.

Kijana_wa_Changamwe

Nendeni na mheshimiwa na kamera za televisheni. Hizo rufaa ni za wenye pesa.

Bi_Tudor

Mheshimiwa hana mamlaka ya kufuta leseni, mdogo wangu. Atawahutubia, mtapiga makofi, na kiwanda kitawashwa.

Ndugu wa Miritini, Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya uamuzi wa kiserikali ulio halali na wa haki, na haki yako ikiguswa upewe sababu kwa maandishi. Mistari miwili si sababu. Waandikieni mkidai sababu kwanza, mkishazipata ndipo mjue mnakatia nini rufaa.

Karani_Mstaafu

Bi Tudor nakuheshimu, lakini hilo neno "kwanza" ndilo litakalowazika. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kutekeleza hicho Kifungu cha 47 inaipa ofisi hadi miezi mitatu kutoa sababu. Rufaa ni siku 60. Mkikaa kungoja sababu, zitawafikia mikononi na rufaa ishakufa, na ofisi haitakuwa imevunja sheria yoyote. Nimewaona watu wenye haki kabisa wakipotelea hapo. Barua ya kudai sababu iandikwe leo, na rufaa iandaliwe leo. Wasipojibu ndani ya ile miezi mitatu, sheria hiyo hiyo inairuhusu mahakama ichukulie kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu ya maana, mpaka wathibitishe vingine. Kwa hivyo barua haipotei bure.

Sasa hesabu. Mahali pa rufaa ni Jopo la Kitaifa la Mazingira, NET, chini ya Kifungu cha 129 cha sheria ya mazingira ya 1999, EMCA. Siku 60 zinahesabiwa toka tukio. Mwenye leseni atasema tukio ni 3 Machi, na siku zikaisha 2 Mei. Nyinyi mtasema hamkuwa sehemu ya maombi, hamkuarifiwa, na kwenu tukio ni siku mlipoijua leseni. Hoja hiyo ina nguvu, ila itabishaniwa, na jopo halipendi kuongeza muda kwa huruma.

Hapa sikiliza vizuri. Labda utadhani mliijua tarehe 28 Aprili, kwa hivyo mna hadi 27 Juni. Upande wa pili watatoa barua yenu ya 9 Aprili wauliza: mlipinga nini kama hamkujua? Toka 9 Aprili, siku 60 zinakwisha 8 Juni. Barua yenu ilisemaje hasa? Ilitaja leseni au mradi tu?

Mkaazi_Miritini

Mzee wangu, nimeitoa sasa hivi. Inasema "tunasikia kuna leseni imetolewa au iko njiani".

Karani_Mstaafu

Basi hesabuni 8 Juni na msiende hata karibu nayo. Kusikia si kujua, wakili wenu atasema hivyo, lakini msiweke kesi nzima juu ya neno hilo.

Mwanafunzi_wa_Sheria

Kwa nini wahangaike na jopo? Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinasema huhitaji hata kuonyesha umepata hasara. Wafungue ombi la kikatiba Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Mombasa.

Karani_Mstaafu

Kijana, soma kesi ya Kibos, ile ya wakazi wa Kisumu walioshtaki kiwanda kwa uchafuzi. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilisema masuala ya leseni yaanzie kwenye jopo, na kesi iliyoanzia mahakamani ikaanguka. Ni kweli Desemba 2023 Mahakama ya Juu ililegeza, ikasema Mahakama ya Mazingira na Ardhi inaweza kusikiza madai ya haki za kikatiba za mazingira. Lakini hawa shida yao ni karatasi moja, leseni. Jopo linaweza kuithibitisha, kuibadilisha au kuifuta, na halibanwi na kanuni zote za ushahidi kama mahakama. Wasiporidhika, wana siku 30 kwenda hiyo mahakama unayoitaja. Ya nini kubishana mwaka mzima juu ya mlango upi ulikuwa sahihi?

Dereva_wa_Tipa

Mimi nabeba kokoto. Nyote mwalia barabara mbovu, na lami mnadhani inateremka toka mbinguni? Kiwanda lazima kiwe mahali.

Mkaazi_Miritini

Ndugu yangu, lami hatuipingi. Tunapinga kuandikiwa mkutano tusioitwa.

Bi_Tudor

Na hapo ndipo kesi yenu ilipo, si kwenye moshi. Kanuni za 2003 za tathmini zinataka mabango karibu na eneo la mradi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, tangazo redioni, na mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na jopo hilo hilo Juni 2019, na kushirikisha wananchi kwa jina tu ilikuwa sababu kubwa. Mradi wa megawati 1,050, si kijikiwanda. Ile Ijumaa saa saba iwekeni kwenye aya ya kwanza. Imamu aape kuwa khutba ilikuwa saa hiyo. Na picha za kurasa hazitoshi: ombeni nakala kamili kwa maandishi chini ya sheria ya kupata habari ya 2016. Wana siku 21. Wakikataa, kuna Tume ya Haki ya Utawala, wale Ombudsman.

Mwana_wa_Jomvu

Mimi si mwanasheria, nimekulia karibu na mtaa wa Owino Uhuru, hapa Mombasa. Kile kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi toka betri kuukuu kilianza 2007 na kilifungwa 2014. Kesi ilifunguliwa 2016. Mwaka 2020 mahakama ya hapa Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikabebeshwa fungu kubwa la lawama. 2023 Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabu mwenyewe miaka, na katikati yake kuna watoto walioumia kwa risasi iliyokuwa damuni mwao. Nyinyi bado hakijawashwa. Wallahi mna bahati, msiichezee kwa kufunga barabara.

Karani_Mstaafu

Amesema kweli, na kuna jambo linalofuatana na hilo. Zamani ukikata rufaa tu, shughuli inasimama yenyewe. Sheria ikabadilishwa, siku hizi sharti uombe amri ya kubakisha mambo yalivyo. Rufaa bila ombi hilo la dharura, kiwanda kitawashwa na nyinyi mko kwenye foleni. Mwambieni wakili aziwasilishe pamoja, na picha za matangi zilizopigwa wiki hii, gazeti la siku hiyo likionekana.

Mkaazi_Miritini

Allah awalipe. Tumekubaliana na wazee leo baada ya magharibi kuchanga na kumwona wakili. Jambo moja lanitia wasiwasi: nakala yetu ya barua ya 9 Aprili haina muhuri wa kupokelewa. Kijana aliyeipeleka aliambiwa aiache tu kwenye meza.

Bi_Tudor

Jibu lao la 28 Aprili limeitaja barua yenu kwa tarehe?

Mkaazi_Miritini

Ngoja. Ndiyo, juu kabisa: "Rejea barua yenu ya tarehe 9 Aprili."

Karani_Mstaafu

Basi wamekiri kupokea. Toeni nakala tatu za jibu hilo, asili ikae kwa mweka hazina na si kwa mwenyekiti anayepigiwa simu na kila mtu. Na ile barua ya kudai sababu, kesho msiiache mezani. Mwende wawili, msitoke bila muhuri.