MREJESHO: Picha za maua Kitulo, betri na kuhifadhi picha bila laptopu

Wakuu, shikamooni wakubwa. Niliuliza kabla ya mvua: nikipanda Hifadhi ya Kitulo na kamera bila laptopu, picha nihifadhi wapi, na betri zitahimili baridi? Nimerudi salama Mbeya.

Betri kwanza. Yule aliyesema niziweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, Mungu ambariki. Kule ni zaidi ya mita 2,500, asubuhi betri inaonyesha imekwisha. Ukiipasha joto kidogo inaamka tena. Usiku nililala nazo ndani ya blanketi, mwenzangu akacheka mpaka ya kwake ilipozima.

Ushauri wa mfuko wa plastiki nao ni dhahabu: kabla ya kuingia chumba chenye joto pale Matamba, kijiji cha karibu na hifadhi, kamera naifungia humo mpaka izoee, umande unabaki nje ya mfuko badala ya kwenye lenzi.

Picha nilihamishia kwenye flashi diski kupitia simu, kwa kile kiunganishi kidogo cha kuchomeka. Inachosha, faili ghafi (RAW, picha kamera inavyoinasa bila kuibana) ni kubwa mno. Memori kadi sikuifuta hata moja hadi nilipokuwa na nakala mbili nyumbani, na moja nimempelekea dada Iringa.

Mliotaka kuona maua ya okidi: WhatsApp inabana picha, kwa hiyo nitawatumia kama dokumenti. Januari zimechanua kweli.

Sasa sensa ya kamera, ile sehemu ya ndani inayonasa picha, ina doa. Fundi wa kuisafisha hapa Mbeya mjini yupo?