Mrejesho: programu ya kutolea dawa, kliniki ya bure Mbagala

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kurahisisha programu ya dawa kwa kliniki yetu ya bure. Nilimsikiliza aliyesema nikakae kwanza dirisha la dawa niwaangalie wauguzi. Sasa skrini ni moja, inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na dawa inayokaribia kuisha muda hutangulia juu.

Kilichonifurahisha zaidi ni dawa mseto ya malaria. Dozi ya pili humezwa baada ya masaa 8, si 12 kama zinazofuata. Programu inahesabu yenyewe na kuchapa kibandiko: "Umemeza saa 4 asubuhi, rudia saa 12 jioni." Mama mmoja alikisoma kwa sauti pale pale dirishani, akaelewa.

Bado dozi za watoto kwa uzito zinanisumbua. Mwenye uzoefu anisaidie.