Malori ya masafa marefu huko mliko: gari likisimama, nani analipa?

Kutoka: Dereva wa Nala, Dodoma

Mbukwenyi wana-Dodoma wote mliotawanyika. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni dereva wa semi, leseni daraja E, ruti yangu Dar mpaka Rusumo. Mlioondoka zamani msidhani bado tunakula vumbi la Manyoni, lami ni mwanzo mwisho. Kinachotuchelewesha ni mizani na vile vibao vya 50, maana kila kijiji kina kibao na kila kibao kina mwenye tochi kajibanza nyuma ya mbuyu.

Sasa kuna wakala hapa mjini anaandikisha madereva wa kwenda Poland. Anataka milioni kadhaa mkononi kwanza, mkataba baadaye. Binamu yangu naye ananiambia niachane na Poland, nitafute njia ya Marekani, eti dereva wa kule anapokea kwa wiki kuliko mimi kwa miezi. Picha za lori linalong'aa nimeziona za kutosha. Nataka kujua kampuni inaishi vipi na dereva.

Huku napewa posho ya safari, kiasi kimoja, kula na kulala humo humo, na utingo ananitazama mimi. Nikikwama bandarini nasubiri kontena, posho inaisha sijafika hata Chalinze. Mpakani namba ya lakiri ikipishana na karatasi, ni kukaa tena. Ukimpigia bosi anakujibu gari halijatembea, hela itoke wapi? Je, na huko ni hivi? Nauliza mapema kwa sababu treni ya SGR inashusha abiria Dodoma tangu 2024, na vijiweni siku hizi hakuna stori nyingine ila mabehewa ya mizigo.

Kutoka: Mwana-Kibaigwa, Indiana

Marahaba, mdogo wangu. Hilo swali ulilomrushia bosi wako ndilo ungepaswa kumuuliza kila mwajiri kabla ya jingine lolote. Huku jibu ni lile lile, ila limevaa suti.

Kampuni nyingi za safari ndefu hulipa kwa maili. Tuseme senti 55. Wiki nzuri ya maili 2,500 inakupa dola 1,375 kabla ya kodi na bima, na hiyo ndiyo hesabu iliyomfikia binamu yako. Hakuambiwa kwamba ile sheria ya kazi ya 1938, inayompa mfanyakazi malipo ya moja na nusu akipita saa 40 kwa wiki, inamruka dereva wa lori la kuvuka majimbo. Ukishinda kazini saa 70, wanahesabu maili. Na hizo maili kampuni nyingine haisomi kwenye dashibodi yako. Inapima kwenye ramani yake, mji kwa mji, njia ya mkato. Ukizunguka kwa sababu daraja lililo juu ya barabara ni fupi, lori halipiti chini yake, huo mzunguko umeuendesha bure.

Halafu kuna saa. Tangu Desemba 2017 sheria inataka kifaa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini, na huwezi kukibembeleza kama trafiki. Kinakupa saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14 tangu uanze kazi, kisha upumzike saa 10. Dirisha likishafunguka halingoji mtu, isipokuwa ukigawa mapumziko ya kitandani kwa utaratibu wake ambao sitakuchosha nao leo.

Chukua siku ya kawaida. Umewasha gari saa 12 asubuhi, saa 2 uko mlangoni kwa mteja, ghala la vyakula. Mlinzi anakupa namba ya mlango, unarudisha tela kinyumenyume mpaka liguse mpira wa ukutani. Unapanda kitandani nyuma ya kiti. Wakianza kupakua utajua tu, maana lori zima linatikisika kila foklifti inapoingia. Pale ukutani kuna taa: nyekundu baki, kijani ondoka. Sasa taa inaweza kukaa nyekundu tangu saa 2 hiyo mpaka saa 8 mchana, na masaa matatu ya mwanzo lori halijatikisika hata mara moja. Ukiuliza dirishani wanakwambia subiri utaitwa. Unatoka saa 8, dirisha lako linafungwa saa 2 usiku. Siku hiyo umeendesha saa 8 badala ya 11. Hizo saa tatu ni kama maili 180, yaani karibu dola mia moja zimebaki ukutani pale.

Kuna malipo ya kusubirishwa, ndiyo. Kwa desturi saa mbili za mwanzo ni za mteja bure, baada ya hapo ndipo inaanza kuhesabiwa. Lakini kampuni nyingine inakulipa tu ikiwa mteja naye ameilipa, na huna njia ya kujua kama alilipa. Kwa hiyo usiulize "mnalipa kusubiri?" Kila kampuni itasema ndiyo. Uliza: mteja asipolipa, mimi nalipwa? Kisha nyamaza usikie watakavyojizungusha.

Mengine kwa haraka. Huku hakuna utingo, uko peke yako na kamera inayokutazama usoni. Tairi likipasuka hushiki spana, unapiga simu na kukaa kando, na saa inaendelea. Uzito ni mdogo kuliko ulivyozoea: kwetu ekseli saba zinaruhusiwa tani 56, huku lori la kawaida kichwa, tela na mzigo havipiti paundi 80,000, kama tani 36. Ekseli za nyuma zikizidi unachomoa pini za tela na kusogeza magurudumu yake nyuma ili uzito uhamie kwenye kichwa, kwenye baridi linalogandisha mikono. Ukiishiwa saa za kuendesha jioni na vituo vimejaa, unaegesha pembeni ya njia ya kuingilia barabara kuu na kuomba Mungu. Na kama unaona Sekenke ni mlima wa kuheshimu, ngoja upepo wa Wyoming kwenye barabara kuu ya I-80, kati ya Laramie na Rawlins, unaolaza tela tupu ubavu hadi barabara inafungwa na malori yanapangana kilomita kadhaa yakisubiri. Hapo pia hakuna maili, hakuna hela.

Ukisikia kampuni inasema "njoo uchukue lori la kwako kwa mkopo wetu, tunakata kidogo kidogo kwenye malipo", kimbia. Mwanzoni mwa 2025 jopo lililoundwa na serikali yenyewe lilipendekeza mikataba hiyo ipigwe marufuku.

Njia ya kuja nakupa bila sukari. Leseni yako ya daraja E haibadilishwi, unaanza upya, na tangu Februari 2022 lazima upite chuo kilichosajiliwa kabla ya mtihani wa leseni ya huku ya malori, daraja A. Agosti 2025 Marekani ilisimamisha viza za kazi kwa madereva wa malori. Tangu Juni mwaka huo huo askari akikusimamisha ukashindwa kujieleza kwa Kiingereza, anakuondoa barabarani hapo hapo. Wengi wetu tulikuja kwa njia nyingine, bahati nasibu ya viza au familia, udereva ukafuata baadaye. Anayekuuzia kazi ya lori Marekani leo akiwa Dodoma anakuuzia hewa.

Kutoka: Mama wa Mpwapwa, Ohio

Mdogo wangu habari ya huko. Mimi si dereva, nimeolewa na dereva, na kaka wa Indiana amesahau upande wetu.

Kampuni ilimwambia mume wangu "wiki mbili barabarani, siku mbili nyumbani". Hizo siku mbili ni saa 34, maana ndizo zinazorudisha hesabu yake ya saa za kazi za wiki kwenye sifuri. Anaingia Ijumaa usiku, Jumapili alfajiri kifaa kiko kijani na dispacha, yule anayempangia safari, ameshatuma mzigo. Katikati hapo alale, afue, apeleke watoto kunyoa, na mimi nimwambie yote ya wiki mbili. Mtoto wetu mdogo alikuwa anamuaga babake kwa kumpa mkono kama mgeni.

Lakini msimtishe kijana mpaka mwisho. Zipo kazi za lori zinazolipwa kwa saa: kusambaza mizigo midogo midogo kati ya maghala, mafuta, maziwa. Mume wangu alihamia huko alipofikisha miaka miwili ya leseni, maana kabla ya hapo bima za hizo kampuni zilikuwa zinamkataa. Siku hizi ghala likimchelewesha ananipigia simu anacheka. Kaka, hilo nawe ungelisema.

Kutoka: Mwana-Kibaigwa, Indiana

Shemeji, nimekubali. Nilikuwa najibu habari za masafa marefu kama alivyouliza. Naongeza tu kwamba chuo ukilipiwa na kampuni, inakufunga kwa kawaida mwaka mmoja, na ukiondoka kabla wanakudai ada. Hiyo miaka miwili aliyoitaja shemeji inaanzia hapo.

Kutoka: Dereva wa Poznań

Mbukwa, ndugu yangu. Kwa kuwa wakala wako anauza Poland, niseme ninachokiona kila siku.

Sheria ya Ulaya kwa kuisoma ni tamu kuliko ya Marekani. Unaendesha saa 9 kwa siku, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Kila baada ya saa 4 na nusu unapumzika dakika 45. Wiki haizidi saa 56, na wiki mbili zikiunganishwa hazizidi 90. Tena sheria inakataza bonasi ya kilomita ikiwa inamsukuma dereva kuhatarisha usalama. Sasa angalia inavyozungukwa.

Mshahara kwenye mkataba unakuwa mdogo, kinachobaki ni posho ya kila siku uliyo safarini. Jumla inapendeza. Ukiugua, ukirudi nyumbani au lori likilala gereji, posho inakatika na unabaki na ule mdogo. Kwa hiyo swali lako la nani analipa gari likisimama, hapa jibu lake liko kwenye huo mstari wa mshahara wa msingi. Soma huo kwanza, ile jumla ya chini iache.

La pili ni takografu, kifaa cha kwenye lori kinachoandika saa za dereva kwenye kadi yake. Ina alama: usukani ukiendesha, nyundo mbili zilizopishana ukifanya kazi nyingine, kitanda ukipumzika. Bosi wangu wa kwanza alikuwa anapiga simu nikiwa napakua paleti kwa mkono: "Weka kitanda." Maana nyundo zinakula saa zangu na kitanda kinazitunza. Yaani nabeba mzigo huku kwenye kadi nimelala. Polisi wa Ujerumani wakisoma ile kadi, faini yako unaibeba wewe na yake anaibeba yeye, lakini yeye hayupo pale barabarani.

Wikiendi ya saa 45 hairuhusiwi kulala ndani ya lori. Nenda maegesho yoyote ya barabara kuu Jumapili uone majiko ya gesi yamepangwa kando ya magurudumu. Na mishahara ikicheleweshwa, mambo ni haya: mwaka 2023 madereva, wengi Wageorgia na Wauzbeki, waliegesha malori ya kampuni ya Poland pale Gräfenhausen, Ujerumani, wakagoma mara mbili mwaka huo mpaka wakalipwa.

Sijutii kuja. Nimejenga Kizota, watoto wanasoma. Lakini muulize wakala mambo haya: nani analipa kozi ya kufuzu udereva wa kazi, ile inayoandikwa msimbo 95 kwenye leseni? Nani anaomba cheti cha dereva wa kigeni, maana hicho ni mwajiri ndiye anayekiomba, si wewe? Jina la kampuni ni lipi? Akisema jina utalijua ukifika, rudi Nala ukalale. Na upite TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, uulize kama ana leseni ya uwakala.

Kutoka: Dereva wa Nala, Dodoma

Wakubwa nimewasoma wote, wengine mara mbili. Leo nimeshusha Ihumwa, nikapita kwa wakala na maswali ya kaka wa Poznań. Jina la kampuni amenitajia baada ya kuzunguka sana. Msimbo 95 kasema "utakatwa kidogo kidogo", nikamuuliza kidogo ni kiasi gani, kwa miezi mingapi, hakuwa na jibu. Mkataba amenipa kurasa tatu, ya Kiingereza mbili na ya Kipoland moja, akasema hiyo ya tatu ni ile ile tu. Hela sijampa.

Nimeipiga picha hiyo ya Kipoland. Niitume hapa au kwa barua pepe ya pembeni?

Kutoka: Dereva wa Poznań

Hapa hapa, wapo na wengine wanaosoma Kipoland. Futa namba ya pasipoti kwanza. Na picha ya ukurasa wa pili wa Kiingereza nayo ilete, nataka kulinganisha mshahara wa msingi.